Malori Arobaini na Moja Yasiyo Yetu

Nyuki hawabebwi kama ng'ombe. Na ng'ombe utasimama, utawanywesha, utakula chapuchapu, utaendelea na safari. Nyuki ukishapakia mizinga na kuifunika wavu, unakimbia. Gari likitembea, upepo unapita katikati ya mizinga nao wanatulia ndani. Likisimama juani wanaamka, wanatoka, wanajazana kwenye wavu wakitafuta njia, na wale wa katikati wanapikwa na joto lao wenyewe. Ndiyo maana sisi tunaobeba nyuki tunajaza mafuta usiku, haja zetu tunamaliza usiku, na mchana hatumsimamii mtu ila askari.

Sasa askari ndiye aliyetusimamisha.

Mimi ni Verla Heupel, wa North Dakota. Kampuni ni ya baba yangu, mzee Reinhold, na kampuni yenyewe ni malori mawili: hili ninaloendesha mimi, na lile kuukuu ambalo baba hataki kuliuza wala kulitengeneza. Kiti cha abiria alikaa Lorin Feist, jirani yetu, mwenye nyuki. Tulikuwa tunawapeleka Bakersfield, California, kwa sababu mwezi wa pili milozi inachanua kule na wenye mashamba wanakodi nyuki wa kuchavusha maua. Baridi ya mwaka uliotangulia ilimuulia Lorin nyuki wengi. Hawa tuliowabeba ndio wote aliobaki nao. Hawa wakifa, shamba alilorithi kwa baba yake linakwenda benki, na yeye na mkewe wanakwenda kuishi kwa mkwe. Alikuwa amenieleza hayo tangu Montana, na kila akinieleza alikuwa akikata soseji kwa kisu cha mfukoni.

"Lorin, unanuka soseji mpaka nyuki wanakohoa," nilimwambia.

"Waache wakohoe. Mtu mwenye wasiwasi lazima atafune kitu."

"Basi tafuna kimya."

Milima ya kaskazini ilikuwa imefungwa na theluji, tukapita njia ya kusini, ndani ya Utah mpaka karibu na mwisho wake, ambako hata Februari jua linachoma. Pale pana kituo cha mizani. Siku zote naonyeshwa taa ya kijani na kupita. Siku hiyo ikawaka nyekundu. Nikasema moyoni, labda uzito. Nikaingia.

Alitoka askari mwanamke, mrefu, jina kifuani Sorensen. Akazunguka lori, akaisoma namba ya serikali iliyoandikwa mlangoni chini ya jina letu, akaangalia kishikwambi chake, akaisoma tena.

"Mama," akasema, "hili ni lipi kati ya malori yako arobaini na matatu?"

Nilicheka. Nilicheka kweli, mpaka Lorin naye akacheka. Afande hakucheka.

"Afande, nina malori mawili. Moja hili. La pili limelala nyuma ya ghala, kuku wanataga ndani yake."

"Kumbukumbu ya serikali inasema arobaini na matatu. Tangu Novemba."

"Basi kumbukumbu ya serikali imelewa!"

"Shuka, mama. Twende ndani."

Nikamwambia nina nyuki hai, jua lile linapanda, aongee na mimi hapo hapo. Aliutazama wavu, akausikia mvumo, akarudi nyuma hatua mbili. Hapo nikamwona kuwa ni binadamu. Akatuita tu kwenye kivuli cha paa la mizani, akatuonyesha kishikwambi.

Mambo yalikuwa hivi. Kwetu kila mwaka, kabla mwaka haujaisha, mwenye lori linalovuka mpaka wa jimbo husajili kampuni yake upya na kulipa kwa kadiri ya idadi ya malori yake. Baba hufanya kazi hiyo mwenyewe na hataki msaada wa mtu, wala wangu. Na alikuwa amelipa: malori mawili, kama kila mwaka. Lakini katika daftari kubwa la serikali, namba yetu ile ile, ya mlangoni mwetu, ilikuwa na malori arobaini na matatu, simu nisiyoijua, na anwani ya mji wa kusini ambao baba hajawahi hata kuupitia.

"Umelipia mawili na unaendesha arobaini na matatu," Afande akasema. "Ama wewe ni tajiri unayejificha, mama, ama kuna watu wamevaa shati lako."

Salaale! Niliitazama ile namba kwenye kioo, kisha ile ya mlangoni, tarakimu kwa tarakimu. Ni yetu. Baba aliipaka kwa mkono wake, rangi nyeupe, mimi nikiwa mtoto nimeshika kopo.

"Haiwezekani," nikasema. "Kubadilisha vile vitu kunataka neno la siri, na neno la siri analo baba peke yake. Hata mimi hanipi!"

"Basi mpigie baba."

Nikampigia, nikaweka sauti ya wazi wote wasikie. Nikamuuliza bila salamu: "Baba, kuna mtu umempa lile neno la siri la usajili?"

"Hapana," akasema. "Nimpe nani? Wazimu?"

Nikashusha pumzi. Nikamwangalia Afande kwa jeuri.

"Labda yule kijana wa Alvina," baba akaendelea. "Lakini yule si mtu baki."

"Kijana gani wa Alvina?"

"Alvina Kautz, binamu wa mama yako, aliyeolewa Omaha. Mwanawe anafanya kazi kwenye ofisi ya usajili. Alinipigia baada ya mazishi, akanipa pole vizuri sana. Akasema mwaka huu wamebadilisha utaratibu, wazee wanahangaika, atanifanyia mwenyewe."

"Ukajuaje kuwa ni mwana wa Alvina?"

"Ala! Si nilimuuliza?" Baba alikasirika. "Nilimuuliza yeye ni wa nani. Akaniambia mama yake, akanitajia mjomba Balzer, akawataja wale mapacha wa Zeeland, akamtaja hata marehemu Ottilia. Mtu baki atawajuaje?"

Kwetu ndivyo tulivyo. Ukipiga simu, hata kama nyumba yako inaungua, kwanza utaulizwa wewe ni wa nani, na ukishajibu sawasawa, wewe ni wa nyumbani, jikoni utaingia na funguo za gari utapewa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Na papo hapo, nikiwa nimesimama kwenye zege la Utah, nikajua mwizi alikojifunzia ukoo wetu. Mama alipofariki mwezi wa kumi tuliweka tanzia gazetini, tanzia ndefu, maana kwetu ukimsahau ndugu mmoja utanuniwa miaka. Tuliwataja wote: Alvina wa Omaha, Balzer, mapacha, Ottilia aliyetangulia. Tulimpangia mwizi ukoo mzima mezani na kumkaribisha ale.

"Baba," nikasema, "Alvina hana mtoto wa kiume."

Nilimsikia akiweka kikombe mezani.

"Ana mabinti watatu, Baba. Unawajua."

"Ana..." akasema. Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, jina moja moja, kama mtu anayejipapasa mifuko. Kisha akaacha.

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga, kwa kweli, ila nililigeukia lori nikalipiga teke tairi la mbele, nikaumia kidole. Mzee aliyemficha binti yake wa kuzaa neno la siri, amempa mtu kwa sababu kamtaja marehemu Ottilia! Toba!

Lorin hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amelikimbilia trela. Mvumo ulikuwa umebadilika. Nyuki wakiwa salama huvuma chini chini, na ule ulikuwa umepanda juu. Upande wa jua wavu ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa nyuki.

"Verla!" akaita. "Wanatoka! Maliza hayo mambo tuondoke!"

Afande Sorensen alimletea mpira wa maji wa kituoni, akaufungua yeye mwenyewe. Lorin akaanza kuwanyunyizia, huku na huku, akilia bila kujificha. Maji huwatuliza kwa muda, na hilo nalo linataka kivuli na upepo ambavyo hatukuwa navyo.

"Sasa, afande, tufanyeje?" nikauliza. "Sema haraka."

Alikuwa mtu wa kusema wazi. "Kuna njia mbili. Ya kwanza: mwenye kampuni akiri kuwa malori yote arobaini na matatu ni yake. Mnalipa tofauti hapa hapa, mimi naandika mmekamilisha usajili, mnaondoka sasa hivi. Ya pili: aseme namba imeibwa. Nikiandika imeibwa, inafungwa nchi nzima, kwa wezi na kwenu. Lori hili halitembei tena mpaka uchunguzi uishe."

"Unaisha lini?"

"Wiki. Miezi. Mimi sijui."

Lorin alikuwa amesikia. Alikuja mbio, mpira wa maji mkononi, akanilowesha viatu. "Kiri! Nini kinakuzuia? Kiri, ulipe, ukifika nyumbani utakana!"

"Atakayekiri leo hawezi kukana kesho," Afande akasema. "Inarekodiwa. Na lazima aseme mwenyewe aliyesajiliwa. Reinhold Heupel."

Baba alikuwa bado kwenye simu. Tulikuwa tumemsahau pale nilipoiweka simu, ukingoni mwa dirisha la mizani, na yeye kayasikia yote.

"Verla," akaita. "Lorin yuko hapo?"

"Niko hapa, Mzee Reinhold," Lorin akasema. "Sema ndiyo. Nakuomba kwa jina la Mungu. Wanakufa."

"Nawasikia," baba akasema. "Nawasikia kwenye simu."

Nakwambia ukweli, nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshatoa kadi ya benki mfukoni. Wezi waendelee na malori yao, sisi twende na yetu, baadaye mawakili watagombana! Nilikuwa nikilisikia jibu la baba kabla hajalitoa, kwa sababu kampuni ile ndiyo maisha yake, na Lorin alibeba jeneza la mama. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Baba akauliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo. "Afande, hayo malori mengine. Breki zake zikoje?"

Afande akasogeza kidole kwenye kishikwambi. "Mzee, una uhakika unataka kujua?"

"Nimekuuliza."

"Moja lilikamatwa mwezi uliopita likiteremka mlima. Breki za ekseli ya nyuma zilikuwa zimefungwa kwa waya. Dereva ana miaka ishirini na mmoja. Alisema aliambiwa na ofisi asisimame."

"Ofisi gani?"

"Mlangoni," Afande akasema, "lilikuwa limeandikwa Heupel."

Mungu wangu. Mimi nimeona mengi barabarani, nimeona magari yamekunjika, nimewaona watu wakifunikwa shuka, lakini sijawahi kusimama vile, mdomo wazi, kadi mkononi, nikalisikia jina letu likishuka mlimani bila breki. Ni nyuki tu waliokuwa wakipiga kelele.

"Reinhold," Lorin akasema baadaye, taratibu kabisa. "Wale ni watu usiowajua. Mimi unanijua."

"Nakujua, Lorin."

"Basi?"

Nilimsikia baba akivuta kiti, akikaa. Nilikisikia hata kile kiti cha jikoni kikilia. Kisha akasema: "Afande, andika. Mimi Reinhold Heupel nina malori mawili. Hayo mengine si yangu. Namba nimeitoa kwa mwizi kwa mdomo wangu mwenyewe. Ifunge."

Simu ikakatika.

Afande aliandika. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliandika. Kisha akachukua stika ya rangi ya chungwa akaibandika kwenye kioo cha lori langu, akasema samahani, mama. Kampuni ya miaka yote hiyo ilikufa mchana kweupe, hata chai hatujanywa.

Lorin akaniangalia. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana! Alisema tu, "Haya," akageuka, akarudi kwenye maji.

Hapo hasira zikaniokoa, maana mimi nikiduwaa sana huwa nakasirika, na nikikasirika nakumbuka. Nikamrudia Afande. "Umelifungia lori langu. Je, trela umelifungia? Na mizinga?"

"Trela ni la nani?"

"La Lorin!"

Akafikiri. "Kichwa cha lori cha kampuni nyingine yenye usajili kamili kikija, kinaweza kulivuta. Sitakizuia."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, na buti zimejaa maji, nilikimbia kwenye maegesho nikigonga mlango kwa mlango. Wa kwanza alisikia neno nyuki akapandisha kioo. Wa pili aliniambia ana mzio. Wa tatu alisema, "Mama, hata ukinipa na lori lenyewe sitaki." Wengine walikuwa na matrela yao, hawakuwa na njia. Mwisho kabisa palikuwa na kichwa kitupu, kinang'aa, na ndani kuna kijana wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, anakunywa chai kwenye chupa. Alikuwa ameshusha mzigo Salt Lake, anarudi kwao. Kwao ni wapi? Bakersfield.

Nilimweleza kwa pumzi moja.

"Wanauma?" akauliza.

"Wanauma."

"Sana?"

"Kaka, sitakudanganya. Wamekasirika."

Akakifunga kifuniko cha chupa. "Bibi yangu Punjab alikuwa na mizinga. Nionyeshe lilipo trela, nirudi nyuma."

Jina lake Harkirat. Afande aliuangalia usajili wake: umekamilika, malori matatu, yamelipiwa yote. Tuliunganisha trela, mimi na yeye na Lorin, tukiwa tumejifunga mashati usoni, na tuliumwa wote, kijana aliumwa shingoni, akasema maneno kwa lugha yao ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nyuki waliokufa walikuwa wametapakaa kwenye zege, unawakanyaga, wanalia kama pumba kavu. Lorin alipanda kiti cha abiria. Hakuniaga. Lori likatoka, upepo ukaingia kwenye mizinga, na mvumo ukashuka taratibu mpaka nikausikia umekuwa ule wa chini. Nikakaa ukingoni mwa zege nikalia.

Jioni Lorin alinipigia kutoka kwenye shamba la milozi. Safu za katikati, alisema, zimekufa zote, mizinga imejaa mizoga na nta iliyoyeyuka. Za pembeni zimepona. Mwenye shamba alikuwa amezikagua na kuzipokea, zaidi ya nusu ya mizinga yote. "Shamba nitabaki nalo," akasema. "Kwa kubanabana." Kisha akasema, "Yule mtoto wa breki za waya. Nimemfikiria njia nzima." Akaniambia nilale.

Nilitaka baba alale pia. Nilijua amekaa pale pale jikoni tangu mchana, hajala, anahesabu mabinti wa Alvina. Nikampigia kumpa habari kwamba nyuki wamefika, kwamba Lorin hajapoteza shamba, kwamba alifanya sawa. Nilitaka hasa kumwambia hilo la mwisho.

Simu iliita sana. Ikapokelewa.

"Baba, ni mimi. Nyuki wamefika!"

Nilimsikia akipumua.

"Baba? Ni mimi, Verla."

"Sauti ni ya Verla," akasema. Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayesoma kibao cha onyo. "Lakini na yule alikuwa na sauti nzuri."

"Baba, jamani! Ni mimi! Binti yako! Niulize kitu chochote."

"Nikuulize nini? Yule nilimuuliza, akajibu yote."

"Lorin amepona, Baba. Umefanya sawa. Unanisikia? Umefanya sawa."

"Kama wewe ni mwanangu," akasema, na hapo sauti ikamvunjika, "njoo nyumbani uniambie nikiwa nakuona."

Akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika yenyewe.